Sanduku la Risasi la Wadachi

Jioni ile nilikuwa nampelekea mume wangu ugali, nikinung'unika njia nzima. Kalinga alikuwa mlinzi wa nyumba ya makumbusho ya vita, nje kidogo ya mji wa Iringa. Tangu mwaka 1955 walipompa koti la kaki na funguo, nyumbani hashikiki. Ungedhani bunduki zilizowekwa mle kaziteka yeye, kumbe ni babu zetu waliowanyang'anya Wadachi, hata baba yake hajazaliwa.

Mle ndani kulikuwa pia na sanduku la risasi, la mbao, tupu kabisa. Kalinga alidai kuna siku halisogei hata ukilisukuma. Nilimcheka.

Nilipokaribia, ukungu ulikuwa unashuka. Nikasikia harufu ya jasho... jasho la mtu aliyetoka mbali. Na baruti.

Mtu alikuwa amesimama mlangoni pa makumbusho. Ana sanduku kichwani, shingo imezama mabegani.

"Kamwene," nilimsalimu.

Kalinga akatoka na taa ya chemli.

"Bwana," yule mtu alinong'ona, "nitue."

Kwetu mtu mwenye mzigo akikuomba umtue, unamtua kwanza, maswali baadaye. Kalinga akaweka taa chini, akanyoosha mikono juu.

Akalishika.

Yule mtu akashusha pumzi ndefu... kisha hakuwepo. Mikononi mwa Kalinga hamkuwa na kitu. Nilichungulia ndani, sanduku lilikuwa mahali pake, na vumbi lake juu.

"Mama Esta," Kalinga alisema, akiwa bado ameinama, "mbona zito hivi?"

Tangu siku ile shingo yake ilianza kuzama. Hospitali walimpa dawa ya kuchua. Mama mkwe wangu, Paskalina, nilipomsimulia aliendelea kupepeta mahindi.

"Wapagazi wa Wadachi hawakuwa na bunduki, mwanangu," alisema mwishowe. "Mikuki iliwakuta na mizigo kichwani. Sasa nani aliwatua?"

Akarudi kwenye ungo wake.

Kila jua lilipozama, Kalinga alisimama mlangoni kwetu, ameinama.

"Mama Esta... nitue."

Nililia. Nilimpenda sana mume wangu, lakini nilijua nikimtua, mzigo ni wangu, na Esta alikuwa bado ananyonya. Nikaifunga mikono yangu ndani ya khanga. Niliogopa, basi.

Mvua zilipoanza, Esta alikuwa ameshajua kutembea. Jioni moja baba yake akasimama palepale, ananuka baruti.

"Nitue," alinong'ona, na macho hayakuwa kwangu.

Mtoto akacheka. Akamkimbilia baba yake, mikono juu.

Niliruka.

Mikono yangu ikafika kwanza.

Sasa Kalinga anatembea wima, anapiga mluzi akienda kazini, na hataki tuyazungumze yale. Esta ananenepa. Mimi shingo inaniuma, na nimeapa mzigo huu utaishia kwangu. Ila jua likizama ninatoka nyumbani, nikae mbali na mtoto, maana lile neno linanijia mdomoni lenyewe.

Kwa hiyo ukipita njia ya makumbusho jioni ukanikuta nimesimama, nisalimie, upite. Nikikuomba, usinitue.

Hata nikilia.