Waliopimwa ni Wangapi?

Kila Ijumaa, kengele ya mwisho ikishalia, Mbishi hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alipita kwanza kituo cha afya kumngoja shangazi yake ili warudi pamoja. Jina la Mbishi alipewa na baba yake, fundi viatu, alipokuwa na miaka mitatu na kukataa katakata kwamba kiatu cha kushoto ni cha kushoto. Sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, yuko darasa la saba, na hata walimu walikwisha kusahau lile jina la kwenye rejista.

Shangazi yake alikuwa mtaalamu wa maabara. Tangu janga liingie mjini, kazi yake ilikuwa kuingiza vijiti vyenye pamba katika pua za watu na kuwaambia waache kurusha miguu. Ijumaa jioni alivua glavu, akanawa mikono hadi viwikoni, kisha akatoka nje na chaki na kuandika hesabu za wiki kwenye ubao mweusi uliotundikwa ukutani. Mbishi alisimama kando akinakili kwenye kurasa za nyuma za daftari lake la hisabati. Alipenda namba kwa sababu hazikumwambia anyamaze.

Ijumaa ile ubao ulisomeka hivi. Mtaa wa chini: waliopimwa 900, waliokutwa na maambukizi 45. Mtaa wa juu: waliopimwa 30, waliokutwa na maambukizi 12.

"Shangazi, mbona sisi tunapimwa wengi hivi?" Mbishi aliuliza. Yeye na jamaa zake waliishi mtaa wa chini, jirani na kiwanda cha sabuni. Mtaa wa juu ulikuwa ng'ambo ya barabara ya lami, na huko ndiko ilikokuwa shule.

"Kiwanda, mwanangu. Mfanyakazi hapiti getini bila kupimwa, awe anakohoa au anaruka kamba. Kule juu mtu haji kwangu mpaka azidiwe. Wanaogopa majirani watasema nini."

Mbishi aliandika na hilo pia, kwa herufi ndogo, pembeni mwa ukurasa.

Kesho yake, Jumamosi, darasa la saba walikuwa na masomo ya ziada, na watoto wadogo walikuwa wamekuja kucheza uwanjani. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebaki wiki tano. Mbishi alipofika alikuta kundi la wanafunzi limejazana getini, na alipojipenyeza mbele akaona tangazo kubwa lenye saini ya mwenyekiti wa mtaa wa juu. Lilisema kwamba mtaa wa chini una wagonjwa 45 na mtaa wa juu 12 tu. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu watoto wa mtaa wa chini wasifike shuleni kwa wiki nne. Wazazi wote waje uwanjani Jumapili saa nne asubuhi kupitisha uamuzi huo.

Wiki nne! Mbishi alihisi masikio yake yanawaka moto. Alilisoma tangazo mara ya pili, taratibu, kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki. Safu moja ya ubao wa shangazi haikuwemo.

Aliingia darasani kumwambia Twiga. Huyo alikuwa jirani yake wa dawati tangu darasa la tatu, msichana wa mtaa wa juu, mrefu kuliko mwalimu wao. Lakini Twiga alikuwa amehamia dawati la nyuma kabisa.

"Mama amenikataza kukaa karibu na mtu wa chini," Twiga alisema, macho kwenye kitabu. "Usinikasirikie. Si mimi."

Hapo Mbishi akapandwa na mori. Alifungua daftari, akagawanya, akazidisha, akapata jibu. Alikwenda nyuma ya jiko la shule, akaokota kipande cha mkaa, akarudi getini. Chini ya saini ya mwenyekiti akaandika kwa herufi kubwa: MTAA WA CHINI WAGONJWA 5 KATI YA 100. MTAA WA JUU WAGONJWA 40 KATI YA 100!

"Haya, nani amfungie mwenzake mlango?" alipaza sauti. Wanafunzi wote wakageuka. "Karibu nusu yenu mnaumwa! Nendeni mkajifiche nyinyi!"

Wa mtaa wa chini walishangilia. Wa mtaa wa juu walitazamana. Mtoto mmoja wa darasa la pili akaanza kulia. Twiga, aliyekuwa ametoka kuona kelele za nini, aliyasikia yote, kisha akashika njia ya kwenda kwao bila hata kuchukua mkoba wake.

Habari ilifika nyumbani kabla ya Mbishi. Alimkuta shangazi kibandani kwa baba, kando ya barabara ya lami, amekaa kwenye kigoda kati ya malundo ya viatu, barakoa imeteremshwa kidevuni. Baba alikuwa anashona soli na hakuinua uso. Hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Hesabu zangu ni sawa," Mbishi alianza kabla hajaulizwa. "Kumi na mbili kati ya thelathini ni arobaini kwa mia. Mwenyekiti ametudanganya."

"Kugawanya umegawanya vizuri," shangazi alisema. "Sasa nijibu. Viatu vilivyomo kibandani humu, vibovu ni vingapi?"

Mbishi alitazama huku na huku. "Vyote."

"Kwa hiyo viatu vya mji mzima ni vibovu?"

"Hapana, Shangazi! Huku vinaletwa vibovu tu. Kiatu kizima nani..." Alikatiza sentensi. Akakaa chini juu ya gunia.

"Malizia."

"Wa mtaa wa juu wanakuja kwako wakishazidiwa," Mbishi alisema polepole. "Lazima wengi wao ukute wanaumwa. Lakini hao si mtaa mzima."

"Ehe. Mwenyekiti kachukua safu moja akatupa nyingine, akawatisha watu wake. Wewe umechukua zote mbili, ukazisemesha lisilokuwemo, ukawatisha watoto wadogo. Niambie tofauti yenu."

Baba aliacha kushona. "Twiga amepita hapa analia," alisema, uzi ukiwa bado mdomoni. "Bibi yake anakohoa siku ya nne. Sasa Twiga anaamini bibi atakufa, kwa sababu wewe umesema."

Mbishi alitaka ardhi ipasuke. Lakini alipokaa kidogo, wazo jingine likamjia, na halikutaka kuondoka.

"Nimekosea," alisema. "Nitakiri mbele ya watu. Lakini mwenyekiti naye kakosea, Shangazi. Sitanyamaza juu ya lake eti kwa sababu na mimi ninalo langu."

Shangazi alipandisha barakoa yake. "Nani kakwambia unyamaze?"

Jumapili saa nne uwanja wa shule ulijaa. Watu walisimama wakiachiana nafasi, barakoa za kila rangi. Mwenyekiti alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya kengele, aliyeuza vifaa vya ujenzi na kuzoea kusikilizwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewazika majirani wawili mwezi ule, na aliogopa kumzika wa tatu.

"Namba hazina ubishi," alisema. "Arobaini na tano kwao, kumi na mbili kwetu. Wao ni karibu mara nne yetu. Wenye kukubali wainue mikono."

"Mzee mwenyekiti, nina swali," sauti nyembamba ilisikika.

"Huu ni mkutano wa wazazi. Watoto wakae chini."

"Wanaofukuzwa shule ni watoto," Mbishi alijibu, akabaki amesimama. "Ukinifukuza na hapa pia, nitauliza nikiwa nje ya uzio. Nina sauti."

Watu wachache wakacheka. Mwalimu mkuu, mama mwembamba, aliinua mkono. "Mwache aulize, Mwenyekiti. Dakika mbili."

Mbishi aligeukia umati. "Kwanza naomba radhi. Jana niliandika getini kwamba watu arobaini kati ya mia wa mtaa wa juu wanaumwa. Si kweli. Niliandika kwa hasira. Nawaomba radhi wadogo zangu niliowatisha." Alimtafuta Twiga kwa macho, akamwona kando ya ukuta. "Na rafiki yangu."

Mwenyekiti alitikisa kichwa akiridhika. "Vema. Kaa sasa."

"Bado, mzee. Swali langu ni hili. Katika mtaa wa juu, waliopimwa ni wangapi?"

Mwenyekiti alikunja uso. "Wagonjwa ni kumi na wawili."

"Sikuuliza wagonjwa. Waliopimwa ni wangapi?"

Mwenyekiti alipekua karatasi zake, akazigeuza upande wa pili, ambao haukuwa na kitu.

"Thelathini," Mbishi alisema. "Imeandikwa kwenye ubao wa kituo cha afya, safu ya kwanza. Huku chini wamepimwa mia tisa, wengi wao wazima wanaokwenda kazini. Ukipima wengi, wagonjwa utawaona wengi. Mtaa wenu una watu elfu tatu na mmepimwa thelathini. Hao wengine je?"

Mnong'ono ulipita uwanjani. Mwanamke mmoja wa mtaa wa juu alisema kwa sauti kwamba nyumbani kwake wanakohoa watatu na hakuna aliyepimwa. Mwingine akasema hata kwake.

"Kwa hiyo unasema sisi ndio wenye ugonjwa?" Mwenyekiti alifoka.

"Sijui!" Mbishi alifoka pia, kisha akashusha sauti. "Sijui, mzee. Na wewe hujui. Hilo tu ndilo ninalosema. Unataka kutufungia shule wiki nne kwa jambo usilolijua. Tupimwe sote kwanza. Au unaogopa kijiti?"

Safari hii uwanja mzima ulicheka, na mwenyekiti akajikuta naye anatabasamu nyuma ya barakoa, ingawa hakutaka. "Mimi? Niogope kijiti?"

Shangazi alijitokeza kutoka kwenye umati. Alieleza kwamba kituo kina vipimo mia nne vya akiba, na kwamba anaweza kuanza mchana ule ule uwanjani hapo. Mwalimu mkuu akatangaza kuwa uamuzi wa kufunga usubiri majibu. Mikono iliyoinuka kukubali ilikuwa mingi kuliko Mbishi alivyotarajia, na baadhi ilikuwa ya mtaa wa juu.

Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kukaa kitini. Kijiti kilipoingia puani alirusha miguu yote miwili.

Upimaji ulichukua siku mbili. Watu mia nne wa mtaa wa juu walipimwa, wanaokohoa na wasiokohoa, na ishirini na wanne wakakutwa na maambukizi. Sita kwa kila mia. Mtaa wa chini watano, mtaa wa juu sita. Ugonjwa haukuwa umejali barabara ya lami hata kidogo.

Shule haikufungwa kwa mtaa wowote. Madirisha yote yaliachwa wazi, madawati yakatenganishwa, ndoo za maji na sabuni zikawekwa kila mlango, na aliyeugua alibaki nyumbani mpaka apone, awe anatoka juu au chini. Bibi yake Twiga alipelekwa hospitali Jumatatu. Daktari alisema angechelewa siku mbili zaidi, mapafu yangeelemewa. Twiga mwenyewe ndiye aliyemletea Mbishi habari hiyo, akiwa amesimama hatua tatu mbali.

"Bado nimekukasirikia," Twiga alisema.

"Najua."

"Lakini kesho nakaa kwenye dawati letu. Dirishani. Wewe huku, mimi kule."

Miongoni mwa wale ishirini na wanne alikuwemo mwenyekiti mwenyewe. Hakuwa na homa wala kikohozi. Hakuficha. Alijifungia chumba cha uani, na siku ya nne akatuma ujumbe kwamba anamtaka yule mtoto wa fundi viatu. Mbishi alikwenda na shangazi yake, wakasimama uani, mbali na dirisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunicheka?"

"Nilitaka," Mbishi alisema. "Shangazi amenikataza."

Mwenyekiti alicheka mpaka akashika nondo za dirisha. Kisha uso wake ukawa mzito. "Nisikilize, binti. Kabla ya mkutano ule nilikuwa nakwenda kumlisha mama yangu mzee kwa mkono wangu kila jioni. Nilijiona mzima, kwa sababu mgonjwa kwangu alikuwa mtu wa chini. Usingeuliza, ningeendelea kumlisha. Amepimwa jana, ni salama."

Mbishi akatazama vidole vya miguu yake.

"Namba sikuzitunga," mwenyekiti aliendelea. "Nilichagua ile iliyonipendeza. Nimejifunza nikiwa na mvi kwamba ukweli ukiukata nusu, ile nusu inadanganya kama uongo mzima. Wewe umejifunza ukiwa mdogo, tena ulikiri kosa lako mbele za watu na bado ukasimama. Shika vyote viwili. Uliza hata ukiambiwa ukae, na ukikosea, sema umekosea. Anayefanya moja tu kati ya hayo ni wa kuogopwa."

Shangazi aliitikia kwa kichwa. "Hapo mzee kasema."

"Sasa," mwenyekiti alisema, akisogeza karatasi kwenye mwanga, "nimeandika tangazo jipya. Nitalisoma, nawe unisahihishe." Alisoma kwa sauti yake ya kengele: mtaa wa chini wamepimwa mia tisa na kukutwa arobaini na tano, mtaa wa juu wamepimwa mia nne na kukutwa ishirini na wanne. "Kwa hiyo mtaa wa juu una wagonjwa sita kwa kila mia."

"Si hivyo, mzee," Mbishi alisema.

"Nini tena?"

"Sita kwa kila mia ya waliopimwa. Watu elfu mbili na mia sita bado hawajapimwa."

Mwenyekiti alishusha pumzi, akachukua kalamu, akaandika upya.