Jogoo wa Matai

Jogoo aliwika ndani ya simu, na Kauthar akaacha kufuta meza.

Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa mumewe, Amin, aliyekuwa Matai akinunua mahindi. Ulikuwa mfupi, kama jumbe zote alizozoea kumtumia. "Umefunga, Mama Abdala. Usijali." Nyuma ya sauti yake jogoo aliwika nusu, akakatika kama mtu aliyepaliwa.

Kauthar alimjua jogoo huyo. Aliwika hivyo tangu mbwa wa jirani alipomkamata shingoni. Alikuwa jogoo wao, hapahapa Sumbawanga, na walishamchinja sikukuu ya Idi.

Akaucheza tena. Jogoo akawika tena, palepale.

Swali lake kwa Amin lilikuwa moja siku zote: "Nimefunga?" Aliuliza kuhusu mtungi wa gesi. Alizungusha koki mpaka mwisho, akaishika, akaondoka, na kabla hajafika sebuleni mkono ulishasahau kwamba umezungusha. Alirudi. Akishaigusa koki alinawa, na akinawa alipata shaka kama hakuifungua tena alipoigusa. Ngozi ya vidole ilikuwa imepasuka, na baridi ya Ufipa iliingia kwenye nyufa. Alichoogopa ni kwamba mwanawe Abdala, aliyekuwa bado anajifunza kusema, angelala asiamke. Alijua koki imefungwa. Kujua hakukumsaidia. Kilichomsaidia ni Amin kusema, "Umefunga." Hapo kifua kiliachia.

Alivuka uzio kwa jirani yake, Asifiwe, nesi aliyehamia kutoka Mbeya.

"Jogoo aliyekufa anawika Matai," alinong'ona.

Asifiwe aliusikiliza ujumbe. Akafungua wa jana, kisha wa juzi. Jogoo, jogoo.

"Shoga, hapa hakuna jini, kuna mwanaume mvivu. Alirekodi mara moja, kabla jogoo hajachinjwa. Anakurushia uleule."

Kauthar hakucheka. Asifiwe naye akaacha kucheka.

"Na hayo ya kurudiarudia koki, hospitali yana jina. Ni maradhi, yana matibabu. Mwambie mumeo akulete, mimi nitawapokea."

Kauthar alimpigia mumewe akiwa amesimama palepale uani.

"Si jibu ni lilelile?" Amin alisema. "Nikirekodi kila siku litabadilika?"

"Na ulipokuwa nyumbani? Ukisema nimefunga, ulikuwa umeangalia?"

Upande wa pili lori lilipiga honi.

"Mama Abdala, nani anaangalia? Nilikuwa nakutuliza tu."

Tangu aolewe alikuwa akilalia neno hilo moja, "Umefunga." Alikaa kwenye ngazi ya mlango. Amin akaendelea kusema, akaomba radhi, akaahidi: Alhamisi anarudi, wataenda hospitali pamoja. Wallahi.

Alasiri hiyo Kauthar alichemsha uji wa mtoto, akafunga koki, akaishika, akaondoka. Simu ikaita. Ulikuwa ujumbe mwingine, sauti ya Amin. Jogoo akawika nusu. Kisha sauti ikasema:

"Hujafunga."

Hakukimbia mara moja, kwa sababu alijua alifunga, bado alihisi ubaridi wa koki kwenye kiganja, lakini harufu ilikuwa imeshafika sebuleni, harufu ya yai lililooza, na alipoingia jikoni mtungi ulikuwa unanong'ona kama mtu anayeomba dua haraka, koki imezungushwa mpaka mwisho wa upande wa pili, na Abdala amelala kwenye mkeka pembeni ya mlango, mdomo wazi, kifua kikipanda polepole, polepole kuliko ilivyo kawaida yake.

Alifunga. Alimtoa mtoto uani. Mtoto alikohoa, akalia, na Kauthar akashukuru kusikia kilio.

Alimpigia Amin. Hakupatikana. Jioni Amin alipopiga aliapa kwamba simu yake iliishiwa chaji mara tu walipomaliza kuongea, na kwamba hakutuma kitu.

Kauthar alimwamini. Ndipo akawaza jambo lililomtisha kuliko gesi: kati ya wote waliowahi kumjibu, huyu aliyetumia sauti ya Amin peke yake alikuwa ameangalia.

Kesho yake mama mkwe, Bi Sada, alisikia habari, akaja, akamfunga Abdala mgongoni.

"Mjukuu wangu simwachi kwenye nyumba inayofungua gesi yenyewe. Una jini wewe. Likitoka, mtoto atarudi."

"Mama, Alhamisi naenda hospitali."

"Nenda. Mtoto yuko kwangu."

Alhamisi Amin alimpakia kwenye pikapu. Kauthar alikuwa amevaa vizuri, na Asifiwe alikuwa zamu, anawasubiri. Geti la hospitali lilikuja, likapita.

"Amin, tumepita."

"Najua."

"Uliapa."

"Mama anasema watakuandika kichaa. Kichaa atapewa mtoto na nani?" Hakumtazama. "Nakusaidia, Mama Abdala."

Waliishia Kasense, kwa mganga aitwaye Kasmir. Bi Sada alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kigoda, Abdala mapajani. Kumbe walipanga wote. Mganga alijua mpaka namna anavyonawa, kiganja kwanza, kisha katikati ya vidole, jambo ambalo Kauthar alimwonyesha mumewe tu.

Walimfunika blanketi juu ya chungu cha moshi.

"Wewe uliye ndani, jina lako nani?"

"Kauthar."

"Si wewe. Yeye."

"Hakuna mwingine."

Moshi ulizidi. Aliulizwa tena, akajibu vilevile, akakohoa mpaka akaona giza. Nje ya blanketi Abdala aliita, "Mama."

"Basi bado lipo," Bi Sada alisema. "Sisi tunaondoka na mtoto."

Kauthar alisikia kigoda kikisogezwa. Chini ya blanketi akatafuta sauti isiyokuwa yake, nzito, ya kooni.

"Natoka," akasema. "Nimeshindwa. Natoka."

Bi Sada alipiga yowe la furaha. Kasmir alipitisha chupa chini ya blanketi, akaiziba kwa kitambaa cheusi.

"Nimelifunga."

"Limefungwa kweli?" Amin aliuliza.

"Limefungwa," mganga alisema, wala hakuitazama chupa.

Kauthar alitoka kwenye blanketi, akaitazama. Ilikuwa tupu. Alinyoosha mikono, akapewa mwanawe.

Nyumbani Amin aliingia jikoni mwenyewe kupika chai, akipiga mluzi. Kauthar alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nje, Abdala mapajani, upepo usoni.

"Umeona?" Amin alimletea kikombe. "Leo hata hujauliza."

Kauthar alipokea kikombe, akakiweka chini. Simu ya Amin ikaita mfukoni. Aliufungua ujumbe, na sauti yake mwenyewe ikatoka, na jogoo nyuma yake.

"Hujafunga."

Amin alisoma namba iliyotuma. Ilikuwa yake mwenyewe. Alicheka kidogo, akaenda jikoni, akarudi, akasema amefunga, akakaa, akanusa harufu ya gesi, akainuka tena, na safari hii Kauthar alimsikia akizungusha koki na kuishika, akimwaga maji, akinawa, akirudi mpaka sebuleni na kusimama katikati kama mtu aliyeitwa pande mbili, kisha nyayo zikarudi jikoni, haraka, na maji yakamwagika tena.

"Kauthar." Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu mtoto azaliwe. "Njoo uangalie. Mikono inanidanganya. Nimefunga?"

Kauthar alijua jinsi kifua kinavyobana mtu akiuliza hivyo. Alimfunika mtoto khanga, akatazama barabara.

"Umefunga," alijibu, bila kugeuka.

Uani, ambako hakukuwa na kuku tangu Idi, jogoo akawika nusu.