Tonge la Adabu

Pimawanga iliunyosha mkono wake mwembamba, ikalimulika bakuli kwa taa ya buluu, ikasoma wanga wote uliomo hadi chembe ya mwisho. Kisha ikatangaza: "Samaki, mlenda, parachichi. Salama, Mzee Mwaluko."

Mtambo huo wa kupika ulibuniwa na binti yake, Mhandisi Nyemo, baada ya daktari kuonya kwamba sukari isiposhuka, Mzee angepoteza macho. Dodoma nzima iliusifu. Vitambi vilipungua, wauza mikanda wakachekelea. Ila kihisi kilichopandikizwa chini ya ngozi ya Mzee kilimletea Nyemo habari ile ile ofisini kila adhuhuri: sukari imepanda! Mganga hajigangi, walisema wahenga, na Nyemo alikaribia kulia.

Siku moja akaomba ruhusa, akamnyemelea baba yake kwenye ujia wa ghorofa yao. Mlango wa kwanza ulikuwa wazi.

"Karibu, Mzee, tunakula!" aliita jirani, Mama Sechelela.

"Nimeshiba, mwanangu."

"Hata tonge moja?"

Mzee akanawa. Tonge moja la ugali, shukrani tele, akaaga. Mlango wa pili, hivyo hivyo. Kufika mwisho wa ujia, alikuwa amemaliza sahani nzima kwa adabu tupu.

Nyemo hakujua acheke au alie. "Baba! Pimawanga inakunyima nini?"

"Hainyimi kitu. Inapika kumshinda hata marehemu mama yako, Mungu anisamehe." Mzee akafuta vidole. "Lakini haili, Nyemo. Mimi nakula, yenyewe inanitazama."

Maneno yale yalimchoma. Alipima kila kitu, akasahau kwamba mtambo ule ndio uliompa yeye nafasi ya kubaki kazini mchana kutwa, baba yake akila peke yake.

Kesho yake alirudi nyumbani mapema. Pimawanga ikapika sufuria kubwa, mlango ukaachwa wazi, na Mama Sechelela alipopita, ikapaza sauti kama ilivyofundishwa: "Karibu, tunakula!"

Mama Sechelela akachungulia. "Mbona sioni ugali? Huo mlenda mtaushika vipi?"

Mwenyeji haachi mgeni mezani, kwa hiyo Mzee hakutoka mchana ule, na kihisi kilikaa kimya. Badala ya ugali, Mzee alikunja jani la kabichi lililochemshwa, akachotea mlenda, akamnyooshea jirani yake.

"Nimeshiba, Mzee wangu," Mama Sechelela akajitetea.

"Hata tonge moja?"

Mama Sechelela akaguna, akaenda kunawa.