Konokono Wanene Wasiotaga

Saa nane mchana, Machachari alianza kujikuna miguu. Vipele vyekundu vilikuwa vimemtoka hadi magotini, mahali maji ya beseni yalipofikia.

Beseni lilikuwa la dada yake, mwanafunzi wa darasa la sita aliyefuga konokono wa kulisha bata. Saa sita, jua likiwa kali, Machachari alikuwa ameingia humo kumtania.

"Bibi Konokono! Jeshi lako limenenepa, lakini vitani litafika lini?"

Shangazi yao, mpimaji wa maabara katika zahanati, aliporudi alikagua vipele, kisha kuta za beseni.

"Mayai ya konokono hawa yako wapi?"

"Hawajawahi kutaga, shangazi. Wananenepa tu."

"Uliwatoa wapi?"

"Kwenye tangi la mvua," dada alijibu akitazama chini. Alikuwa amekatazwa kwenda mferejini.

"Kama ni tangi, nitampaka Machachari dawa ya ngozi, basi. Kama ni mfereji, mwanangu, huenda minyoo imeshamwingia mwilini, na nisipojua itamharibu kibofu na figo. Nakuuliza tena."

Dada akaangua kilio. "Mferejini, chini ya daraja. Shangazi, atakufa?"

"Hafi leo. Lete glasi."

Konokono mmoja aliwekwa juani kwenye glasi ya maji safi. Baadaye, hadubini ya zahanati ilionyesha viumbe wadogo wenye mikia iliyogawanyika, wakiogelea katika maji hayo.

"Kichocho," shangazi alisema. "Vimelea hula akiba ya sukari ya konokono na kuvuruga kemikali za damu yake, hata aache kutaga. Huyu analiwa ndani kwa ndani, wewe ukadhani amenawiri."

"Mpe dawa sasa hivi!"

"Dawa haiui vizuri minyoo michanga. Lazima tungoje ikomae; ikikomaa, mkojo wake utakuwa na damu."

Walingoja wiki baada ya wiki. Dada hakula vizuri wala kulala. Kila asubuhi alisimama nje ya choo na kuuliza, "Rangi gani?"

Siku moja Machachari alijibu kwa sauti ndogo, "Nyekundu."

Alimeza dawa siku hiyohiyo.

"Ungeshikilia uongo wako," shangazi alimwambia dada, "ningetibu ngozi na kuiacha minyoo. Kosa likisemwa mapema, tunapata pa kuanzia."

Mwezi uliofuata mkojo ulipimwa. Shangazi alitazama kwenye hadubini, akafuta kioo, akatazama tena. Hapakuwa na yai hata moja la minyoo.