Macho ya Paka Kwenye Orodha ya Watoto

Usibishe kabla hujasikia. Mwezi wa kumi mwaka tisini na sita, Mpanda nzima hapakuwa na mtu aliyeijua kompyuta kumzidi Makoye. Maneno hayo ni yake mwenyewe, kayasema kila kijiwe kuanzia Shanwe mpaka stesheni, na kwa kuwa kompyuta yenyewe aliyoijua ilikuwa hiyo moja ya ofisini kwao, nani angembishia? Miezi mitatu tu ya mafunzo Tabora, basi, kijana wa Kisukuma akawa anatembea kama amemuoa binti wa mtemi, kalamu mbili mfukoni, na moja haina wino.

Alikuwa karani wa shirika dogo lililotafuta ndugu waliopotezana kwenye vita ya Burundi. Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga kule Nsemulwa, vyumba viwili na jenereta uani. Kazi ilikwenda hivi: Kigoma waliandikisha watoto waliovuka mpaka peke yao, orodha ikaja Mpanda kwa diski ndani ya behewa la vifurushi. Makoye anaifungua, anailinganisha na wazazi waliofikia makazi ya Katumba, anachapa karatasi, karatasi inarudi Kigoma. Mtoto aliyemo kwenye karatasi ya Makoye anapandishwa treni ya kuja kwa mama yake. Asiyemo anarudi kwenye hema.

Siku ile diski ilifunguka vizuri, ila majina yalikuwa na kitu. Katikati ya herufi za kawaida palikaa maduara yenye mistari. Mengine mstari umelala, kama jicho lililofumba. Mengine mstari umesimama, kama jicho la paka mchana.

"Mama Theo, njoo uone vituko," Makoye akaita.

Mama Theopista, mpiga chapa wa Kifipa aliyekuwa ofisini tangu siku ya kwanza, alivaa miwani, akasoma, akaivua.

"Haya siyo maandishi ya watu, Makoye. Piga redio Kigoma, muulize Josephat, karani wao, kwake yanasomekaje."

"Nimuulize Josephat? Ili atangaze kwamba mtaalamu wa Mpanda kashindwa kufungua faili? Hao wamelewa dagaa, wameandika ovyo."

"Muulize tu, mwanangu. Kuuliza hakukuvunji mguu."

"Mama Theo, nyie wa mashine za kugonga tulieni. Huyu mnyama ana dereva wake."

Akahesabu mistari yenye maduara: arobaini na mmoja. Akaijaribu kila namna aliyoijua, na alizijua namna mbili. Karatasi ilitakiwa treni ya jioni. Basi akafanya jambo ambalo mtu wa Tabora mwenye kalamu mbili hulifanya kazi ikimzidi: alishika mstari mmoja mmoja wenye jicho, akaufuta. Mtoto, umri, jina la mama, vyote. Faili likabaki safi kama sahani iliyolambwa. Akachapa, akapiga muhuri, akapiga mluzi.

Siku ya pili yake alikuja Thacienne, mama wa Kirundi aliyekuwa amefikia kwa shangazi yake Katumba. Huyo alikuja kila wiki kwa miguu, kitenge kimefungwa kiunoni, mgongo mtupu. Binti yake, Spès, miaka minne, alimponyoka mkononi usiku wa kuvuka mto.

"Mwanangu, leo wamemwandika?"

Makoye akatazama kioo cha kompyuta kwa madaha. "Mama, mwanao hayumo kwenye mashine. Na mashine haisemi uongo."

"Kwetu mtoto habebi jina la baba," Thacienne akasema taratibu. "Ana lile lake tu. Spès. Angalia tena."

"Nimeangalia, mama. Hayumo."

Yule mama akashukuru. Ndiyo, alishukuru, akaondoka.

Treni ikaja na watoto kumi na tisa. Thacienne alisimama stesheni mpaka behewa la mwisho likafagiliwa.

Kesho yake, saa saba mchana, Mama Theo akiwa ameenda kula na jenereta limezimwa, Makoye alisikia printa ikisaga. Si kwa nguvu. Ilisaga kidogo, ikanyamaza, kama mtu anayekohoa kanisani. Akacheka peke yake, akaushika waya wake: haukuwa na umeme. Akanusa kitu. Blanketi bichi. Blanketi la sufu lililonyeshewa siku nyingi likakosa jua, na Mpanda mvua ilikuwa haijadondoka hata tone.

"Nani analeta utani huo?" akauliza, sauti imempungua.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Ila sakafuni, kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti chake, palikuwa na nyayo ndogo za tope jekundu, tope bichi, na nyayo zile zilikuwa zinakuja tu, hazikurudi.

Siku ya tatu mfululizo, saa ile ile, wakati jua limesimama juu ya bati na mji mzima umejilaza kivulini, alikuwa amekaa bila kuthubutu kugeuka, maana nyuma ya kiti alisikia pumzi nyingi fupi fupi za watu wadogo waliosimama foleni, na mmoja akakohoa, na mwingine akamnyamazisha kama watoto wanavyonyamazishana wakijua wanasubiri zamu, na kioo cha kompyuta kilichokuwa kimezimwa, cheusi kama sufuria la ugali, kikaanza kuota vidoa vya kijani, maduara yenye mistari, yaliyofumba yamefumba na ya paka yakimtazama, arobaini na moja aliyahesabu ingawa hakutaka kuhesabu, halafu kidole kimoja cha baridi, kidogo kama njiti, kikamgusa shingoni pale shati linapoishia, kikaandika kitu, taratibu, kama mtoto anayefundishwa kuumba jina lake.

Makoye alikimbia mpaka Shanwe bila kiatu kimoja. Mtaalamu huyo.

Kwa Nyanzala, mganga wa Kisukuma aliyemjua mama yake, alipewa maji, akamwaga nusu kifuani. Alipomaliza kueleza, mganga hakushika kibuyu wala unga.

"Ng'wanawane, mwanangu, umemtupa nani?"

"Sijamtupa mtu, bibi. Nimefuta mistari."

"Mistari ya nini?"

Makoye akautazama mguu wake usio na kiatu.

"Porini kuna vitu havina majina," Nyanzala akanong'ona. "Vinazunguka, vinatafuta. Vikikuta jina limetupwa, vinalivaa. Vinapata na kikohozi cha mwenyewe, na harufu yake, na njaa yake. Nenda kayaokote uliyoyatupa. Upesi, maana jina likishavaliwa, kisha mwenyewe akafa, halivuki naye tena."

Ndipo akarudi ofisini, akaishika redio. Mama Theo akasogea kusikiliza.

"Josephat, ile orodha... kwenu yanasomekaje? Ova."

"Safi kabisa! Kwa nini? Ova."

"Kwangu yana macho."

Redio ikakoroma. Kisha Josephat akacheka, cheko la mtu mwenye roho nzuri. "Aa, kaka, sisi tumeletewa kompyuta mpya, nyie mna ya zamani. Kila moja ina mpangilio wake wa zile herufi za Kifaransa zenye alama kichwani. Wakati wa kuhifadhi kuna mahali pa kuchagua mashine ya zamani, mimi nilipitiliza. Jina halijaharibika, linachorwa vibaya tu. Nahifadhi upya, dakika mbili. Ungeniuliza siku ile ile! Ova."

Dakika mbili. Makoye aliirudia hiyo kauli usiku na mchana mpaka diski mpya ilipofika. Akafungua. Macho yote yalikuwa yameondoka. Pale palipokuwa na jicho lililofumba pakasomeka Séverine. Na chini, mstari wa thelathini na tatu: Spès, miaka minne, mama Thacienne.

Karatasi ikatumwa. Treni iliyofuata ikaleta watoto arobaini, wakapokewa kwa vigelegele. Thacienne alikuwepo. Aliwatazama wote usoni, hata wavulana.

Jioni ile Josephat alipiga redio mwenyewe, bila cheko. Yule wa mstari wa thelathini na tatu alikuwa amepanga foleni ya treni ya kwanza, blanketi mkononi, akaambiwa hayumo kwenye karatasi, akarudishwa hemani. Mvua ilikuwa inanyesha. Surua ikampata. Amezikwa Jumamosi, saa saba mchana.

Makoye alikwenda Katumba kumwambia mama wa Spès. Alikwenda mwenyewe, na kalamu aliziacha mezani. Alimweleza yote: macho, kufuta, foleni, na zile dakika mbili. Thacienne hakulia mbele yake. Aliuliza tu, "Kwa hiyo siku ile nilipokuambia uangalie tena, alikuwa yuko foleni?"

"Ndiyo, mama."

Ofisini pumzi zilikuwa zimepungua, ila moja haikuondoka. Nyanzala akaja mchana, akachoma majani mlangoni, akamwagiza Makoye asome orodha kwa sauti, jina kwa jina, aseme kila mtoto yuko wapi. Makoye akasoma. Kwa kila jina harufu ya blanketi ilipungua. Akafika thelathini na tatu.

"Spès," akasema.

Nyuma ya kiti sauti ndogo ikaitika kwa Kirundi kwamba iko hapa, "Ndi hano."

Mama Theo akashika rozari. Nyanzala akainua usinga. "Sasa mwambie atoke. Mwambie hapa si kwake."

"Msimfukuze."

Thacienne alikuwa amesimama mlangoni, vumbi la Katumba mpaka magotini.

"Mama, rudi nje," Nyanzala akamsihi kwa sauti ya chini. "Huyo si mwanao. Ni kitu kimevaa jina la mwanao."

"Najua," Thacienne akasema. "Nyie mlilitupa. Chenyewe kililiokota."

Nyanzala akashusha usinga. Makoye akavuta kiti chake pembeni, akampisha.

Yule mama akafungua kitenge kiunoni, akapiga goti moja sakafuni pale kwenye nyayo za tope, akainama mpaka mgongo ukawa kama kitanda, akamwita aje, kwa sauti ya mtu anayeamsha mtoto asimshtue: "Ngwino, Spès. Ngwino, mwana wanje." Wakaona, wote watatu waliona, kitenge kikivimba, kikitafuta mahali pake, kikatulia, wakaona mabega ya Thacienne yakishuka kama yanavyoshuka mabega ya mama aliyepandwa mgongoni na mtoto mzito wa usingizi. Akafunga fundo kifuani. Akalikaza. Akainuka kwa shida, akashika fremu ya mlango, akatoka juani akienda taratibu, na kwenye vumbi la Nsemulwa nyayo zake zilizama, nyayo za mtu mwenye mzigo.

Hakurudi tena ofisini. Wa Katumba walisema bado anabeba, na wapita njia wamemsikia akituliza kikohozi kisichotoka kifuani kwake.

Makoye alibaki na kazi yake. Kila mchana saa saba, jenereta likizimwa, alikaa mbele ya karatasi, akalisoma lile jina la thelathini na tatu kwa sauti, sawasawa, herufi zote mahali pake. Akasubiri.

Hakuitika mtu.