Kibanda Kilichokatazwa Kucheka

"Kuanzia leo, hakuna tumbo litakalongoja chakula katika kibanda hiki!"

Shiundu alisema hivyo akiwa juu ya kiti, nyundo mkononi na misumari mdomoni. Kwa sababu ya ile misumari, ilibidi aseme mara mbili ndipo mkewe amwelewe.

Mkewe, Asenath, alikuwa chini akisukuma chapati. Mikono yake ndiyo iliyojibu. Chapati ile ilipigwa kama imeiba.

Kibanda chao kiko Mukuru kwa Njenga, mbele ya lango la kiwanda. Wateja wao ni vibarua. King'ora cha saa saba kikilia, vibarua hutoka mbio. Wana nusu saa tu ya kula. King'ora cha pili kikilia, lango hufungwa. Aliyebaki nje amepoteza kazi ya siku hiyo. Msimamizi hamngoji mtu, maana kuna wengine wengi wamesimama hapo nje wakiitaka nafasi yake.

Kwa miaka mingi Asenath aliwalisha vibarua hao bila matata. Alipika chapati na maharagwe, basi. King'ora kikilia, sahani zilikuwa zimeshapakuliwa. Wateja walikaa kwenye mabenchi mawili yanayotazamana, na utani ukaanza.

"Nyinyi Waluhya, kuku akiwaona anaanza kuandika wosia," Kyalo angesema. Kyalo ni mpakiaji wa magunia, na mdomo wake una nguvu kuliko mgongo wake.

"Na nyinyi Wakamba mnachonga kila kitu," mwingine angejibu. "Hata chapati hii ungeiacha kwako wiki moja, tungeikuta ni twiga."

Walikuwa na desturi yao. Aliyeshindwa kujibu alishika jagi la maji na sabuni, akawanawisha wenzake wote mikono, huku wakimzomea. Hakuna aliyepanga foleni ya kunawa. Mikono ilikuwa safi, matumbo yalijaa, na watu walirudi kazini wakicheka.

Sasa Shiundu alikuwa ametoka kwenye semina ya biashara. Ilifanyika katika ukumbi mmoja huko Eastleigh. Alikaa huko siku nzima akimsikiliza mwanamume mwenye suti na kipaza sauti. Aliporudi, alikuwa mtu mwingine. Hata salamu alizitoa polepole, kama mtu anayefungua kongamano.

"Mama Wekulo," alimwambia mkewe, maana mtoto wao wa kwanza anaitwa Wekulo, "sisi tumekuwa tukicheza. Mahali pa kazi ni mahali pa kazi. Kazi yenye kicheko si kazi."

"Baba Wekulo, wateja wamelalamika?"

"Hawajui kulalamika. Hawakuenda semina."

Basi akayaondoa mabenchi. Akaleta viti vya plastiki, akavipanga vyote vikitazama mbele, kama kwa daktari. Akaleta kadi za namba. Kila mteja achukue kadi, akae, asubiri kuitwa. Akaweka pipa la maji lenye mfereji mmoja, na jagi akalificha chini ya meza. Akaandika ubao wa vyakula: pilau, samaki, matoke, kuku wa kukaanga na vingine ambavyo jiko lao la makaa halijawahi kuviota. Akamvika mkewe kofia ya karatasi. Juu ya yote akapigilia ubao wa pili: KIMYA. UNAHUDUMIWA KITAALAMU.

Siku ya kwanza, saa saba, vibarua walifika mbio kama kawaida. Walisimama mlangoni wakashangaa.

"Niaje, Mama Wekulo? Kuna msiba?" Kyalo aliuliza.

"Chukua kadi," Shiundu alisema.

Walichukua kadi. Walipanga foleni kwenye mfereji. Maji yalidondoka kama machozi ya mtu anayejilazimisha kulia. Baadhi yao wakaona foleni ni ndefu, wakaenda kukaa na mikono yao michafu ya kiwandani. Kisha wakaanza kusoma ubao.

"Nipe pilau."

"Pilau haijaanza," Asenath alisema.

"Samaki?"

"Samaki wiki ijayo."

"Sasa kuna nini?"

"Chapati na maharagwe."

"Si ungesema tangu mwanzo!"

Asenath alikuwa anachemka kuliko maharagwe yake. Aliona sahani zikipoa mbele yake. Aliona watu wenye njaa wamekaa kimya kwenye viti. Lakini mumewe alikuwa amesimama pembeni akiita namba moja moja kwa sauti ya kanisani.

Kyalo akaja mezani. "Mama, nipe tu chapati moja niikunje nikimbie. Muda umeisha."

Asenath aliitazama chapati. Akamtazama mumewe. Akaivuta chini ile kofia ya karatasi.

"Namba yako bado," alisema.

King'ora cha pili kikalia.

Viti vilianguka. Watu walikimbia, wengine hawajala, wengine chapati mdomoni. Kyalo alikuwa wa mwisho. Alifika langoni likifungwa. Aligonga. Aliomba. Msimamizi akamwonyesha mtu mwingine kwa kidole, na mtu huyo akaingia kupitia mlango mdogo.

Kyalo alirudi kibandani polepole. Alikuwa bado ameshika kadi yake.

"Nimebeba magunia tangu asubuhi," alisema. "Sikuchelewa kwa ulevi. Sikuchelewa kwa uvivu. Nimefutwa na kadi! Nitawaambia nini watoto, kwamba nilikuwa nahudumiwa kitaalamu?"

Akaiweka kadi mezani, akaenda zake bila kula.

Jioni nyumbani, Asenath aliitoa ile kofia kichwani na kuitupa jikoni. Ilishika moto.

"Umemnyima mtu mkate wake!" alifoka. "Mtu aliyetulisha sisi! Watu hawa wanafokewa kutwa nzima huko ndani. Nusu saa yao moja ya kucheka, nayo umeichukua, ukaiita biashara!"

"Mambo mapya huchukua muda," Shiundu alisema.

"Muda wa nani? Wako au wa Kyalo?"

Nyumba za hapo zimegawanywa kwa mabati, na mabati hayajui kutunza siri. Mlango ukagongwa. Alikuwa Mbeti, jirani yao, mhudumu wa afya ya jamii, yule anayepita nyumba kwa nyumba kuwafundisha watu kutibu maji na kunawa mikono.

"Nimesikia yote," Mbeti alisema akijivutia kigoda. "Na nisiposema nitapasuka. Baba Wekulo, nimepita pale mchana. Nimeona watu wakila na grisi mikononi. Mwaka mzima nilikuwa nawasifu nyinyi kila nyumba. Nasema, nendeni mkaone kwa Asenath, watu wananawishana, maji yanatiririka, sabuni ipo. Leo mmeniaibisha!"

"Lakini nimeweka mfereji," Shiundu alisema.

"Mfereji mmoja kwa watu wote wale? Yule aliyeshindwa na utani alikuwa anatembea na maji hadi alipo mtu. Huo haukuwa mchezo tu. Ndio uliokuwa mpango wako wa kazi, nawe ukauona ni upuzi kwa sababu watu walikuwa wanacheka."



"Kesho," Mbeti akaendelea, "wewe uwe mteja. Usinywe chai asubuhi. King'ora kikilia, uanzie langoni ukimbie pamoja nao. Uchukue kadi yako. Ukila ukashiba kabla ya king'ora cha pili, mimi mwenyewe nitavaa kofia ya karatasi hadi Krismasi."

Kesho yake Shiundu alikimbia kutoka langoni pamoja na vibarua. Alikuwa na hakika. Alichukua kadi. Alipanga foleni ya mfereji. Alikaa kitini, akisubiri Asenath aite namba yake. Njaa ikamuuma. Mara akajikuta anasema kwa sauti, "Jamani, harakisheni!"

"Kimya," kibarua aliyekaa kando yake akamwonyesha ubao. "Unahudumiwa."

King'ora cha pili kilipolia, Shiundu alikuwa hajaona hata haragwe moja.

Vibarua walikimbilia lango huku wakimtazama. Alitoka kitini, akapanda juu yake, akang'oa ubao wa KIMYA kwa mikono. Kisha akamgeukia Mbeti, aliyekuwa amesimama mlangoni akitazama yote.

"Nianzie wapi?"

"Kila kitu ulichoongeza, kiulize: wewe unamsaidia nani? Kikikosa jibu, kitoe," Mbeti alisema. "Na kabla hujatoa cha zamani, waulize wanaokitumia. Kazi ngumu haihitaji uso mgumu."

Walitoa kadi. Walitoa ubao wa vyakula. Pipa lilibaki, maana lilihifadhi maji safi, na jagi likarudi kuteka humo. Mabenchi yakarudi kutazamana. Shiundu mwenyewe akaenda kwa Kyalo kumwomba msamaha, na kumpigia magoti kidogo, ingawa yeye husema aliteleza tu.

Siku hizi sahani zote hutoka kabla vibarua hawajakaa vizuri. Hakuna aliyefungiwa nje tena. Kicheko husikika hadi ndani ya kiwanda.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja, Ndeti, anayeuza githeri karibu na Soko la Burma. Alitaka kujifunza wanavyolisha watu wengi kwa muda mfupi.

"Dada, siri ni urahisi," Asenath alimwambia, mikono kiunoni. "Mume wangu alileta mambo ya semina. Mimi tangu siku ya kwanza nilikataa. Nilimwambia mbele ya watu, mteja mwenye haraka mpe chakula chake aende. Mimi kadi sikuzitambua kabisa!"

Ndeti aliinamisha kichwa kwa heshima.

Nyuma yao, Kyalo aliacha kutafuna.

"Mama Wekulo," alisema, "hebu mwambie dada huyu ni nani aliyeniambia, 'Namba yako bado.'"

Mabenchi yote mawili yalimtazama Asenath. Yeye akageukia sufuria na kuanza kukoroga maharagwe ambayo yalikuwa yameshaiva.