Mpaka wa Tano

Hatua moja ilizidi. Mukashyaka alitoka jikoni hadi sebuleni kwa hatua sita, akasimama, na ya saba ikasikika peke yake, chini ya sakafu. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka, jirani anatwanga sombe, majani ya muhogo, ng'ambo ya ukuta. Akajiambia ni mchi wa jirani. Akarudi jikoni. Sita, kisha ile ya saba.

Simlaumu kwa kutokimbia siku ile. Mwanamke huyu alikimbia Bunagana waasi walipoingia, akaacha duka lake la vitenge wazi. Akakimbia Rutshuru. Mwisho akalala miezi kule kambini Mugunga chini ya shitingi, lile turubai la wakimbizi, mvua ikimnyeshea yeye na binti yake Niyigena. Vitenge alivyookoa mgongoni aliviuza vyote akanunua nyumba hii ya zamani hapa Majengo, mjini Goma. Akitoka hapa, aende wapi? Hata shitingi yenyewe ilishapewa mtu mwingine.

Lakini kwa jambo moja nitamlaumu, tena kwa sauti. Nyumba hiyo ilikuwa ya etaje, yaani ghorofa. Miaka kumi nyuma volkano ilipomwaga lava mjini, vyumba vya chini vilijaa mpaka darini, moto ukapoa ukawa jiwe, nasi watu wa Goma tukafanya kama kawaida yetu: tukatoboa mlango kwenye vyumba vya juu, tukaendelea kuishi. Kabla hajanunua, mpimaji wa viwanja, Papa Donat, alimwambia wazi:

“Mama, kuko kupima aina mbili. Ya kwanza, navuta mukanda, naonyesha mipaka, kesho unaingia. Ya pili, natoboa sakafu, naangalia chini kuko nini, nauliza nani alikuwa anaishi humo. Hiyo inaomba wiki mbili.”

“Vuta mukanda,” akasema Mukashyaka. “Kwetu batu wanauana juu ya mipaka. Sijaona mutu anauliwa juu ya sakafu.”

Aa, watu wa kule Bunagana na Rutshuru na mipaka yao! Basi mkanda ukavutwa. Majirani wa pande nne wakaitwa, wakanyweshwa kasiksi, ile pombe ya ndizi, kama desturi yao inavyotaka; maana anayekunywa pombe ya mnunuzi amekuwa shahidi, na hawezi tena kugeuza ulimi. Wanne wakanywa, wakafuta midomo, wakaenda zao. Wa chini hakuna aliyemuuliza.

Wiki ya pili hatua zikaanza kumtangulia. Akikusudia tu kwenda mlangoni, zilishafika. Sakafu ikawa ya moto asubuhi, ikinuka kiberiti na nywele zilizoungua, na Niyigena akawa anakula akiwa ameketi juu ya meza, miguu ameikunja, hataki iguse chini. Mukashyaka akamwita Donat.

Mpimaji akaweka taa ya mafuta sakafuni. Ndivyo tunavyopima mazuku, ile hewa mbaya inayotoka kwenye lava na kuua kuku: ikiwepo, moto unazimika. Moto haukuzimika. Ulilala ukaelekea ufa wa sakafu, ukasimama, ukalala tena, ukasimama.

“Hii haiko mazuku,” Donat akanong'ona. “Na chini ni jiwe tupu, Mama. Hakuna nafasi hata ya panya.”

“Sasa ni nani anapumua?”

Donat alitoka akaacha taa yake, na mpaka leo hajarudi kuiulizia.

Akaja Mama Annonciata wa chumba cha maombi, na mafuta yake na sauti yake kubwa. Akaanza vizuri. Lakini alipotaja neno “toka”, neno lile likarudi kutoka chini, polepole, zito, kwa sauti ya mwanamke mwenye vumbi kooni, na vikombe kabatini vikaanza kugongana, na ile harufu ikapanda mpaka machozi yakawatoka wote watatu, hata Niyigena juu ya meza, na hatua zikazunguka chini ya miguu yao, zikizunguka, zikikaribia, mpaka zikasimama sawasawa chini ya Mukashyaka, unyayo kwa unyayo, naye akahisi joto la ule mguu mwingine likipita kwenye saruji.

“Toka.”

Annonciata alitoka yeye, na kiatu kimoja.

Mukashyaka aliogopa. Nasema aliogopa. Lakini kuna mahali woga unaisha zinabaki hasira.

“Nilitoka Bunagana!” akapiga kelele. “Nilitoka Rutshuru! Nilitoka Mugunga! Kila mutu mwenye kuona mimi anasema toka. Weko nani wewe?”

“Mwenye nyumba. Lava ilipokuja nilikatala kutoka.”

“Basi tuko wawili wenye kukatala.”

Ile sauti ikajibu, sasa kwa uchungu: “Umeuziwa juu ya kichwa changu. Hakuna mwenye aliniuliza.”

Hapo akili ikamjia Mukashyaka. Akachukua nondo, akatoboa ufa ule mpaka ukatosha kidole, akaleta kidumu cha kasiksi iliyobaki.

“Umesema kweli, jirani. Nilikosa, unisamehe. Kunywa.”

Akamimina. Kule chini kukasikika mtu anameza, anameza bila kupumzika, kama aliyekuwa na kiu ya miaka yote ile, na kidumu kikaisha, na sakafu ikapoa.

“Umekunywa pombe yangu,” Mukashyaka akasema. “Sasa weko shahidi. Huwezi kunifukuza tena.”

Chini kikasikika kicheko kidogo, cha mtu aliyeshindwa kwa haki.

Mwezi haukuisha waasi wakaingia Goma yenyewe. Majirani wanne wote walikimbilia mpakani. Adhuhuri wanaume watatu wenye bunduki wakasukuma mlango.

“Mukubwa wetu anataka nyumba hii. Toka.”

“Nimeinunua.”

“Shahidi wako ni nani?” Mwenye kuongea akacheka. “Mutaa yote ni tupu.”

“Ni mimi,” ikasema sakafu.

Wakatazamana. Halafu kila mmoja akahisi unyayo wa moto ukimbana kutoka chini ya buti lake, na harufu ya nywele ikajaa chumba, na yule aliyecheka akatupa bunduki ili mikono imsaidie kukimbia. Wenzake walishakuwa barabarani.

Mukashyaka akakaa chini, mgongo ukutani, Niyigena amemkumbatia.

“Aksanti, jirani,” akasema.

“Karibu,” sauti ikajibu. Ikasita. Kisha sakafu yote, kutoka jikoni hadi mlangoni, ikaanza kugongwa kwa ngumi, kubwa na ndogo, nyingi zisizohesabika. “Lakini hapa chini hatuko wawili watatu. Wenzangu wenye lava ilifunika nao wanasema hawajanywa.”

Niyigena akafumba macho. Mukashyaka akasimama, akatafuta kidumu.

“Wajipange mulolongo,” akasema. “Hii ni nyumba yangu. Hakuna kusukumana.”